Friji Yetu Imekaa Nyumba Nisiyoruhusiwa Kuingia

Ndugu mhariri na wasomaji wenzangu, naomba mnisamehe. Mliponijibu kwamba kisa changu nikiandike chote, mahindi yetu yalikuwa yanafika magotini. Leo tumeshayavuna na ndiyo kwanza nakaa chini. Mtoto anaota meno mawili kwa pamoja, na kila nikishika kalamu naye anaitaka. Jina langu lificheni, na kijiji pia.

Nina miaka ishirini na mbili, nimesoma mpaka darasa la saba. Nimezaliwa Susuni, Tarime, nikaolewa huku wilaya ya Serengeti. Tulipohamia kijijini, kina mama saba tulianzisha kikundi, mimi nikiwa katibu. Kiwanda kimoja kidogo cha Musoma kilikuwa kinatafuta mawakala wa kuuza lambalamba zake, yaani barafu tamu za kijiti, mnadani Mugumu. Unapewa friji ya mafuta ya taa, inayogandisha kwa moto wa utambi, sukari na unga wao wa rangi, vikombe vya kugandishia, na kibao chenye jina lao. Kuchanganya kitu kingine huruhusiwi. Kwa jua la huku linalounguza nyayo, tukajua tumepata. Mwenzetu mmoja akasema, "Tutawauzia baridi hadi ng'ombe!"

Shida ilianza siku friji iliposhushwa. Mzee Sefu, mtu wa kiwanda, alisema friji ya namna hii ikiinama kidogo tu haigandishi, lazima isimame kwenye sakafu iliyonyooka. Nyumba zetu ni za udongo, sakafu yangu mimi ina mabonde. Stoo ya kijiji ina sementi lakini imejaa pamba, moto hauingii humo. Ikabaki nyumba ya baba mkwe wangu, Tata tunavyomwita, aliyesakafia chumba cha mbele alipouza ng'ombe wake. Akakubali kwa moyo mweupe. Kina mama wakapiga vigelegele, na mimi nikapiga, mjinga mimi.

Wasomaji wa mikoa mingine niwaeleze. Kwetu mke wa mtoto haingii nyumba ya baba mkwe, hampi mkono, wala hazungumzi naye uso kwa uso. Naye haingii kwangu. Ni heshima, siipingi. Sasa wenzangu wote sita wameolewa na watoto wa ndugu zake, kwa hiyo kwake sisi sote saba ni wakwe. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka hilo siku ile ya vigelegele! Mama mkwe anaweza kuingia, ila yeye anaogopa. "Moto unaogandisha maji? Siugusi mimi, nina wajukuu."

Basi friji ikawa mikononi mwa Tata. Mimi nakoroga nje, yeye anapanga vikombe ndani. Na anaipenda hiyo friji, jamani! Kila mzee anayekuja kumsalimia anafunguliwa mlango, "Weka mkono hapa usikie," halafu wanakaa mbele yake imeachama kana kwamba wanaota moto. Kibuyu cha maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi kinaingizwa na joto lake. Akiona haigandishi anapandisha utambi, moshi unajaa. Mimi nasimama nje nasema na mtoto mgongoni, "Mwanangu, mwambie babu yako mlango usifunguliwe." Naye anajibu kutoka ndani, anamjibu mtoto wa miezi minane, "Mjukuu wangu, mwambie mama yako babu hajafungua. Amechungulia tu."

Mnada wa mara ya tatu, lambalamba zilitoka zimeganda juu juu tu. Tukazifukia kwenye sanduku la maranda ya mbao zisiyeyuke, tukatembea nazo. Kufika Mugumu na kufungua sanduku, maji ya rangi tupu, vijiti vinaelea. Muuza ndizi akaangua kicheko, "Dada, leo mmeleta dawa ya kikohozi?" Mzee Sefu alikuwepo. Akachovya kidole, akaonja. "Binti yangu, mwisho wa mwezi ujao nikikuta uji tena, nachukua friji na kibao. Kuna watu Tarime wanaingoja."

Nikamwambia mume wangu akaseme na baba yake. Akanijibu, "Baba ni baba. Niende nikamfungie mlango baba yangu?" Nikamwambia, "Basi nifunge mimi mdomo."

Wiki iliyofuata Tata alikuwa kwenye mkutano wa kijiji, mama mkwe yuko shambani. Nikaona moshi mweusi unatoka dirishani. Niliita, hakuna mtu. Nikaingia. Nilishusha utambi, nikafuta masizi, nikafunga mlango wa friji. Nilipogeuka, Tata amesimama uani, amenipa mgongo. Hakugomba. Alisimama juani vile vile mpaka nikatoka. Lambalamba za wiki ile ziliganda kama mawe, tukauza zote, nami sikufurahia hata moja. Tangu siku hiyo Tata hamtumi tena mtoto wangu neno lolote.

Nimeshaamua friji itoke, nisakafie jiko langu. Lakini jikoni kwangu yeye hawezi kuingia, nitakuwa nimemnyang'anya. Tangu tuache boma lake la zamani tukahamia kijijini, sijamwona mzee yule akifurahia kitu namna hii. Nipeni mawazo yenu, ndugu zangu. Niitoe kabla Mzee Sefu hajarudi, au ningoje kwanza Tata anisamehe? Na nani akamwambie, ikiwa hata mtoto hasemeshwi?

Mwenye uwezo wa kunisaidia vitu hivi ampelekee mhariri, yeye atanifikishia. Sementi ya kijiji tumepata mfuko mmoja, maana nyingine ni ya kujengea shule kwanza, na ni sawa. Bado mfuko mmoja, hata nusu. Utambi wa friji ya mafuta, upana wa vidole viwili. Pima maji ya fundi ya kunyooshea sakafu, ya kuazima, nitairudisha. Na chupa ya chai, hata ikiwa na kutu nje, ilimradi kioo cha ndani hakijapasuka. Hiyo nitaijaza maji ya baridi kila asubuhi, mama mkwe aipeleke. Hiyo ni ya Tata.