Mbao Mbili Chini ya Boti

Karakana ya fundi ilikuwa mtaa wa Gitega, kati ya kibanda cha viatu vya mitumba na mama anayeuza mkaa, na mimi nilifika pale kwa sababu ya swali. Nilikuwa napita tu. Nikamwona mtu mzima anagonga ubao kwa kidole kisha anautegea sikio, nikasimama kuuliza anasikiliza nini.

"Maji," akasema. "Huu ubao ungali na maji ndani. Ukiuharakisha, kesho utapinda kama mbwa anajikuna."

Nikabaki miezi saba. Kwa mtu kama mimi, miezi saba ni ndoa.

Shule niliiacha darasa la sita, nilipochoka kuambiwa kwamba swali langu tutalifikia mwaka ujao. Tangu hapo nimepakua dagaa Kigoma, nimepaka rangi mabodi ya malori Kampala, nimechimba visima mahali ambapo maji hayakuwepo. Kila mahali nilijifunza nusu ya kazi nikaondoka. Nilipovuka thelathini, zile nusu zikaanza kuniuma.

Fundi alikuwa mzaliwa wa Uvira, na alikuwa na desturi yake. Pale kwake hukuwa fundi kwa sababu mikono yako inajua. Ulikuwa fundi siku aliyokutamka hivyo mbele ya mteja. Akishakutamka, unapata meza yako na jina lako linasimama kando ya lake. Kabla ya hapo wewe ni msaidizi, hata uwe na mvi. Hicho ndicho nilichokitaka, na sikuwahi kukitaka kitu mahali popote kwa muda mrefu namna ile.

Ndipo ikaja kazi ya boti. Mwenyewe, ambaye sote tulimwita bosi, alikuwa Mtanzania, muuza vifaa vya ujenzi, anakaa Kagarama, upande wa pili wa mji. Alikuwa na boti nyeupe ya faiba ambayo kila Jumapili aliivuta kwa gari hadi Ziwa Muhazi. Boti hiyo hulala juu ya trela, na tumbo lake huegemea mbao mbili ndefu zilizovikwa zulia. Mbao zile zilikuwa zimeoza. Fundi alichomeka bisibisi kwenye mojawapo, ikazama kama kwenye kiazi kilichoiva.

Tuliishusha boti uani kwake, juu ya matairi mabovu, tukazifungua mbao. Mimi nilikaa chini na zulia lile mapajani nikalichunguza kama barua. Lilikuwa limefungwa pande zote nne, juu na chini, na ndani yake mlikuwa na maji ya Jumapili iliyopita. Boti ikitoka ziwani, zulia linakunywa, na mbao inalala kwenye maji hayo juma zima.

"Mzee," nikasema, "adui ni zulia."

"Zulia liko na kazi yake."

"Kazi gani?"

Akalibonyeza kwa kidole. Alikuwa fundi wa vitanda na milango, trela ya boti hakuwahi kuigusa. "Sijue," akasema. "Lakini mtu aliyeliweka hakuwa mjinga."

Nikamsimulia Kigoma. Kule boti kubwa za mbao hupandishwa pwani juu ya magogo, na magogo hupakwa mashapo ya mawese ili boti iteleze. Wanaume kumi huivuta boti ambayo magogo yakiwa makavu ingewashinda ishirini. Kwa nini sisi tusipake grisi? Grisi inazuia maji, mbao haitaoza, na boti itapanda yenyewe. Nilisema kwa raha, kama mtu ambaye hatimaye nusu zake mbili zimekutana zikawa kitu kizima.

Fundi alikuna kidevu. "Weye na magogo yako," akasema. Lakini akakubali.

Tulitafuta libuyu, mbao ngumu ile ya kutoka Kongo, iliyokauka vizuri. Nilizipiga randa mwenyewe, nikaviringisha ncha zake, nikazamisha vichwa vya bolti ndani ya mbao visije vikachana tumbo la boti. Nati zile kuukuu zilikuwa zimekula kutu na nilizikata moja moja kwa msumeno. Kisha nikapaka grisi mara tatu.

Jumamosi tuliirudisha boti kwenye trela. Bosi alizungusha winchi, roda ya mbele ya trela inayovuta boti kwa mkanda, kwa mkono mmoja, simu ikiwa kwenye mkono wa pili, na boti ikapanda bila kulalamika.

"Jamani! Imeingia kama mtu na kwake," akasema. "Hii akili ya nani?"

Fundi akaniwekea mkono begani. "Ya huyu. Huyu sasa ni fundi."

Bosi akanipa mkono. "Hongera, fundi." Siku ile nilirudi Gitega kwa miguu, njia yote, makusudi.

Jumapili asubuhi tulikuwepo tena, maana bosi alitaka tuikague kabla ya safari. Ua wake ulikuwa tambarare, lakini geti lilifungukia kwenye kipande cha mlima, chenye mawe yaliyopangwa, kinachopanda hadi barabara kubwa. Mazoea yake yalikuwa kufunga mikanda ya nyuma akishafika juu, penye usawa. Gari likatoka, trela nyuma yake, na pale getini, trela ikiwa imeshaanza kupanda, fundi akaona mkanda wa winchi umejikunja.

"Simama! Fundi, unyooshe huo mkanda."

Fundi alikuwa mimi. Nikapanda kwenye trela kwa mbwembwe, nikaulegeza, nikaichomoa ndoana mbele ya boti. Baadaye nilisikia kwamba dereva wa bosi alishafanya hivyo mara nyingi palepale, na boti haikuwahi kusogea hata kidole. Zulia lilikuwa linaishika.

Boti haikuanguka kwa kishindo mwanzoni. Iliondoka kwa heshima, kama mgeni anayetoka kikaoni, kisha ikaongeza mwendo. Ikateleza yote juu ya mbao zangu, ikatua juu ya mawe, mashine yake ya nyuma ikitangulia. Pangaboi la mashine likavunjika, na chini ya tumbo ukafunguka ufa unaopitisha vidole. Mke wa bosi alikuwa kibarazani, amebeba sufuria ya pilau ya kwenda nayo ziwani. Mlinzi wa nyumba jirani akapiga kelele: "Ziwa liko mbali, bwana! Mbona mnaishushia hapa?"

Bosi akashuka garini. Hakupiga kelele. "Nani alitia grisi?"

"Mimi," nikasema. "Nilibuni mimi, nikapaka mimi, na mkanda nimeufungua mimi."

Fundi akaingia katikati yetu. "Bosi, usimsikilize. Huyu ni msaidizi. Msaidizi hana kosa. Fundi ni mimi."

"Jana ulisema..."

"Jana nilikuwa nafurahi."

Bosi alinitazama kidogo, akageuka, na tangu hapo hakunisemesha tena. Mazungumzo yote yakawa yao wawili. Nilisimama pale na grisi kwenye kucha, mtu ambaye hata kuharibu hakuwezi.

Juma lililofuata tulizitengeneza upya mbao, kwa zulia jipya. Fundi ndiye aliyepima na kukata. Mimi nilishika ncha ya pili. "Acha upande wa chini wazi," nikamwambia. "Zulia lishike juu na ubavuni tu, maji yapate pa kutokea." Akanituma gundi dukani.

Niliporudi nikamuuliza. "Mzee, kwa nini ulisema vile?"

"Nilikuokoa."

"Uliniokoa na nini? Kosa lilikuwa langu."

Akapuliza vumbi la mbao mezani. "Mdogo wangu, weye unaendaka. Mwezi huu ama ule, lakini utaenda. Mimi nabaki. Hili kosa lingekaa na nani?"

Watu niliowasimulia husema alinitendea wema. Labda. Lakini kosa lile lilikuwa kitu pekee pale karakana ambacho kilikuwa changu chote, na mtu anayelipa makosa yake ndiye anayebaki. Mimi nilipewa ruhusa ya kuondoka. Nikaitumia kesho yake, na kwa kuondoka kwangu nikamfanya awe amesema kweli. Hilo nalo sijamsamehe.

Sasa napachika milango ya nyumba Busanza, mtaa mwingine wa mji uleule, nusu nyingine ya kazi. Jumapili moja nilikuwa kando ya barabara, foleni ikasimama, na mbele yangu trela ile ikasimama nayo. Ufa wa boti ulikuwa umezibwa, rangi haijalingana. Nikachuchumaa kana kwamba nafunga kamba za viatu, nikachungulia chini ya mbao.

Zulia lilishika juu na ubavuni. Chini palikuwa wazi, pakavu kabisa, misumari imepangwa kwa mstari wa mkono wa fundi. Dereva aliniona. Akashusha kioo. "Unatafuta nini huko chini, wewe?"

"Naangalia tu," nikasema. "Nani aliwafanyia kazi nzuri hivi?"

"Fundi mmoja wa Gitega," akasema. Hakunikumbuka. Foleni ikaanza kwenda.