Voice note ya dada yangu: aliyetumiwa ni shangazi, iliyoisikia ni Maskati nzima

Wakuu, amani iwe kwenu.

Mimi ni wa hapa hapa Maskati, wazee wetu walirudi kutoka Unguja. Hili limetokea nyumbani kwetu, wallahi sitii chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Dada yangu, tumwite Salma, alikuwa kwenye idara moja ya serikali inayohusika na ramani za barabara. Baba alijivunia mno. Hata hujamuuliza, keshakwambia binti yake yupo serikalini.

Sasa sisi Waomani wa Kizanzibari tuna kasumba moja. Tukitaka kusema siri mbele za watu, tunaingia Kiswahili. Tunajiona tumefunga mlango.

(Ukifanya hivyo mtaani Ruwi, madada wa kazi kutoka Afrika Mashariki wanakusikia vizuri tu na wanakucheka. Lakini wapi, hatukomi.)

Shangazi yetu Zuwena, mjane, alikuwa anajenga nyumba Yiti, nje kidogo ya mji. Mafundi wameshachimba msingi. Salma akaona kwenye ramani ambayo bado haijatangazwa kwamba barabara inapita juu ya kiwanja kile.

Hapo hapo ofisini, wenzake wamemzunguka, akarekodi voice note kwa Kiswahili: "Shangazi, simamisha mafundi. Barabara inapita hapo kwako. Nakuomba, usimwambie mtu."

Shangazi akaifowadi kwenye grupu la ukoo.

Eti wale si watu, ni wa nyumbani! Wa nyumbani wenyewe wapo Maskati, Unguja, Dubai mpaka London. Hata sasa nikikumbuka nnapandwa na hasira.

Kufika jioni, mtu kashaitia tafsiri ya Kiarabu chini, inazagaa kila simu. Nimesimama mtaani Khuwair ya Kusini nangoja chai, nasikia sauti ya dada yangu inatoka kwenye simu ya muuza chai. Niliondoka bila kuichukua chai yenyewe.

Wenye viwanja kule wakaanza kuwauzia haraka haraka wasiojua. Wengine wakajaa nje ya ile idara wakidai majibu. Salma akaitwa, akahojiwa, akasimamishwa kazi. Kesi bado inaendelea na hatujui itaishia wapi.

Akiingia harusini, wanawake wananyamaza. Baba haendi tena barazani kwa wenzake.

Nilidhani hapo ndipo tumefika mwisho wa aibu. Kumbe bado.

Ijumaa moja akaja mzee tusiyemjua. Aliuziwa kiwanja Yiti na binamu yetu, na binamu alikuwa ameshaisikia voice note kabla ya kuuza. Yaani ndugu yetu, damu yetu!

Baba akamkaribisha kahawa. Mzee hakuigusa. Kwetu huku mgeni akikataa kahawa, ujue kaja na dai. Salma akatoka mwenyewe kumwomba radhi.

Mzee hakupandisha sauti. Alimwambia kwa Kiarabu: "Binti yangu, wewe ulimwonea huruma shangazi yako. Mimi nani alinionea huruma?"

Kisha akainuka, akaenda zake. Kahawa ikapoa pale pale.

Wakuu, mimi siku zote niliamini siri za serikali zinafichwa kwa faida ya wakubwa. Nyingine ni kweli. Lakini hii ilikuwa inamlinda yule asiye na mtoto wa ndugu mle ofisini, asubiri tangazo sawa na wengine. Salma alimpenda shangazi, simlaumu kwa kupenda. Ila mapenzi yake yamempiga mtu ambaye hata hakumjua.

Shangazi bado anakuja kwetu. Analia, anamwita, "Salma, mwanangu, niseme nini?"

Salma anamjibu kwa adabu, kwa Kiarabu. Tangu yule mzee aondoke, hajatamka neno la Kiswahili mle ndani. Hata kwangu mimi, niliyekua naye.

Nanyi mngekuwa mnajua nyumba ya shangazi yenu itabomolewa, mngenyamaza? Semeni ukweli wenu hapa chini. Dada yangu tu msimtukane, yaliyomfika yanamtosha.