Shamba Jeupe Kitabuni

Wakati huo nilikuwa Makambako, nikimsaidia mama mmoja kuuza mitumba ya watoto. Kabla ya hapo nilipakia mbao, nikawa utingo kwenye lori la viazi, nikapaka rangi nyumba za wageni. Siku tulipofungua robota la mabegi ya mgongoni, nilikuta begi moja zito kuliko mengine. Ndani mlikuwa na vitabu vitatu vyembamba vya picha, vya Kiingereza, na vyote vilihusu majira ya baridi ya Ulaya: theluji juu ya mapaa, theluji kwenye miti, watoto wenye mashavu mekundu. Mama alichukua begi lake.

"Hayo makaratasi beba wewe, mpenda kuchungulia."

Nilivichungulia kila nilipokosa mteja. Shule niliiacha darasa la sita, na Kiingereza changu ni kile kinachoandikwa kwenye maboksi, lakini picha nilizielewa. Kilichonishangaza ni makoti. Yalikuwa yaleyale tuliyokuwa tunayaning'iniza kibandani. Kwa mara ya kwanza niliwaona wenyewe wakiwa wameyavaa.

Nilipopanda Njombe kumwona mdogo wangu, nikaenda navyo. Yeye ndiye aliyesoma kwetu, na anafundisha darasa la kwanza katika shule moja pembezoni mwa Yakobi. Alivipokea mlangoni, akasahau hata kunikaribisha, akaketi kwenye kigoda akifungua ukurasa baada ya ukurasa.

"Kaka, umeviiba wapi hivi?"

"Vilikuwa kwenye begi la mtumba."

"Basi kesho unakuja navyo darasani."

Tukinywa chai akanieleza lililokuwa linamsumbua. Darasani kwake kulikuwa na binti mmoja aliyeletwa kwa bibi yake kutoka upande wa Bulongwa, kule Makete kwenye baridi kuliko hapa, na tangu alipoletwa alikuwa hajasema neno darasani. Kwao walisema Kikinga, wenzake wa hapa walisema Kibena, na mwalimu alifundisha Kiswahili. Aliandika vizuri, alifuata kila anachoambiwa, ila mdomo hakuufungua. Mwalimu mkuu, ambaye si mtu mbaya, alikuwa ameshasema kwamba kesho yake angekuja kumsikiliza mwenyewe. Asipozungumza, Jumatatu anarudishwa darasa la awali na watoto wadogo.

"Akirudishwa kule atajifunga moja kwa moja," mdogo wangu alisema. "Huyu mtoto anasikia kila kitu. Nikimtania, ananuna palepale pa kununa."

Kesho yake, asubuhi ya Julai, uwanja wa shule ulikuwa na weupe wa umande ulioganda juu ya nyasi. Watoto walikuja wamefungwa makoti na kofia za sufu, kila mmoja na kuni zake za kupikia uji. "Shikamoo mjomba!" waliimba. Mdogo wangu alikuwa amekata vipande vya kalenda ya zamani akabandika juu ya Kiingereza chote. "Maneno tutaweka sisi," alisema. Kwa kuwa alichagua kitabu kimoja na macho yalikuwa mengi, kazi yangu ikawa kukishika juu na kupita nacho kati ya madawati.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na nyumba, na mbele yake uwanda mweupe hadi mwisho.

"Mnaona nini?"

"Makete!"

"Makete hakuna nyumba kama hiyo, muongo wewe."

"Ipo, baba ameiona!"

"Ni Makete, si unaona makoti yao?"

Mdogo wangu hakuwasahihisha. Alinipa ishara nigeuze. Ukurasa wa pili watoto walikuwa wanaruka kwenye theluji, mikono juu, vinywa wazi kwa kicheko. Nilitegemea darasa nalo litacheka. Likakunja uso.

"Wanacheka nini hawa?" mmoja akauliza. "Shamba lote limeungua."

"Mama yao hajaamka."

"Akiamka, watachapwa."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwetu, ukiamka ukakuta shamba jeupe, ujue hadi saa sita majani ya viazi yatakuwa meusi. Hakuna mtoto wa Njombe aliyewahi kuona mtu akilirukia jambo hilo kwa furaha.

Ukurasa wa tatu ulikuwa na mtu aliyefinyangwa kwa theluji, kofia kichwani na karoti mahali pa pua.

"Sanamu la kufukuza ndege!"

"Ndege watakula nini hapo?"

"Na karoti wamempa! Nzima!"

Karoti iliwaudhi kuliko vyote. Walikuwa bado wanailalamikia pale mwalimu mkuu alipoingia. Wakasimama, wakamwamkia, akaketi nyuma kwenye dawati dogo, magoti yakamfika kifuani. Nikaona mdogo wangu anaizungusha chaki vidoleni. Hakumtazama binti.

"Geuza, kaka."

Ukurasa huu jua lilikuwa linachomoza juu ya weupe, mtoto amesimama dirishani akitazama. Nikaenda nao taratibu hadi kwa binti. Alikuwa na koti la kijani lililofungwa vifungo hadi kidevuni.

"Haya, mama," mwalimu mkuu akamwambia kwa upole, "hapo pana hali gani ya hewa?"

Kimya.

"Jua au mvua? Sema moja tu."

Kimya. Mwalimu mkuu akashusha pumzi, akaanza kuinuka. Mimi nikaona bora nigeuze, angalau macho ya watu yamtoke yule mtoto. Akaweka kiganja juu ya ukurasa.

"Usigeuze."

Darasa zima liligeuka.

"Kwa nini?" nikamwuliza.

"Jua limetoka. Hawajamwagia maji."

Mwalimu mkuu akabaki nusu amesimama. "Wamwagie nini?"

"Viazi. Unamwagia kabla jua halijapiga majani. Likiwahi, basi."

"Na maji yakiwa mbali?" Naye alikuwa na viazi nyuma ya nyumba yake, na nadhani alikuwa ameshasahau kilichomleta.

"Unachoma nyasi mbichi. Moshi unalala chini." Akauonyesha kwa mikono, akachomeka na neno la Kikinga pale Kiswahili kilipomwishia.

"Mimi huwa nafunika kwa nyasi kavu."

"Unafunika jioni, mwalimu. Asubuhi umeshachelewa."

"Mwalimu kachelewa!" akapayuka mmoja, darasa likaangua kicheko, na mwalimu mkuu akacheka nao.

"Ni kweli. Msimu uliopita nilichelewa."

Mdogo wangu alikuwa amelipa darasa mgongo, anafuta ubao usiokuwa na kitu. Bila kugeuka akauliza, "Sasa Jumatatu, mwalimu?"

"Jumatatu akae palepale. Awali aende kufanya nini, kuwafundisha kilimo?" Akaketi tena. "Kaka, hebu geuza tujue kama waliokoa kitu."

Binti akaondoa mkono. Ukurasa wa mwisho familia nzima ilikuwa mezani, vikombe mbele yao, mvuke unapanda.

"Uji!" watoto wakapiga kelele.

Binti akavuta kitabu karibu na uso wake, akakagua meza, kikombe hadi kikombe.

"Basi kuna vilivyopona," akasema, akaniachia nikifunge.