Bisibisi Kati ya Meno

Mlio ulianza wiki ya tatu baada ya kununua baiskeli. Nikikanyaga pedali kwa nguvu, hasa nikipanda mwinuko, kitu fulani huko chini kilikuwa kinalia: tek. Mguu wa kulia, tek. Wa kushoto, kimya. Kwenye tambarare, kimya kabisa, kana kwamba nimeota. Sasa mimi ni mtu ambaye mfereji ukidondosha maji jikoni nitaamka niufunge hata mara nne. Hiyo tek iliniingia kichwani ikakaa.

Nashona mapazia Ruiru. Wazazi wangu wako Ngoingwa, pale Thika, na Jumamosi mchana nikifunga duka huenda kwao hadi Jumapili. Nilikuwa nimechoka na barabara kuu, nikagundua kwamba kuna njia za murram zinazopita katikati ya mashamba ya kahawa mpaka Thika, zenye mawe na mashimo na upepo mzuri, na hapo ndipo nilipoanza kutamani baiskeli ya milimani. Jamaa mmoja anayeuza baiskeli za mtumba, zile zinazotoka ng'ambo kwa kontena na kutundikwa ukutani, alitaka kunipa yenye shoki mbele na nyuma. Aliisifu mpaka nikamwonea huruma. Nikamuuliza, hiyo shoki ya nyuma ikifa, nitapata nyingine wapi? Akaanza kutazama barabara. Nikachukua yenye shoki za mbele pekee, tairi nene zenye meno, na breki za kuvutwa na waya, si zile za mafuta, kwa sababu waya ninaujua na hata Juja unapatikana. Hilo nililifanya kwa akili.

Mengine niliyafanya kwa kiherehere. Nilikataa fundi. Mimi huifungua cherehani yangu yote, naisafisha, nairudisha, na hakuna skrubu inayobaki mezani. Baiskeli ni nini? Kwa hivyo mlio ulipoanza nilichukua mafuta ya cherehani nikaimwagia cheni. Ukiwa na cheni, usifanye hivyo. Yale mafuta ni mepesi mno, siku mbili yamekwisha, na vumbi la murram likashika cheni mpaka ikawa inasaga kama kinu. Nikaiosha kwa mafuta ya taa na mswaki mzee, nikatafuta mafuta mazito yanayofaa. Cheni iling'aa vizuri sana. Tek.

Nikasema basi ni pedali. Hakuna aliyeniambia kwamba pedali ya kushoto hufunguliwa kinyume. Nilivuta upande ninaoujua, nikavuta tena nikiwa nimekasirika, spana ikateleza, na ngozi ya vidole viwili ikabaki kwenye chuma. Video ya kunieleza nilikuja kuitazama baadaye nikiwa na kitambaa mkononi. Nikapaka grisi, nikazirudisha. Tek. Nikanunua beringi mpya za pale katikati, mikono ya pedali inapozungukia, maana kila mtu kwenye simu alisema ni hapo, lazima iwe hapo. Nikaziweka mwenyewe, nikajipongeza, nikapanda. Tek. Niliitukana baiskeli kwa Kikuyu, na Mama anaamini kabisa kwamba sijui matusi ya Kikuyu.

Jumamosi hiyo nilifika Ngoingwa nikiwa na mfuko wa spana na hasira.

Lazima niseme kuhusu Baba. Alikuwa fundi wa mitambo ya kufuma kwenye kiwanda kimoja cha nguo hapo Thika, mpaka kilipofungwa. Alitoka na barua ya shukrani, bisibisi moja ndefu yenye mpini wa mbao, na masikio yaliyokuwa yakififia. Zahanati moja ilimwambia ni mashine, ni umri, azoee. Hakuna aliyechungulia ndani. Mwaka baada ya mwaka masikio yakazidi kufa. Mwanzoni sisi tulipiga kelele, kisha tukatumia mikono, kisha, sijui ni lini hasa, tukaacha. Ukifika nyumbani unamuuliza Mama, "Baba amekula?" na Baba yuko pale pale, ameketi, anakutazama. Aliacha kamati ya kanisa akasingizia miguu.

Na kulikuwa na amina. Kwetu Mama ndiye anayeombea chakula, na maombi ya Mama si mafupi. Baba huinamisha kichwa kama sisi wote, lakini hawezi kujua yamekwisha saa ngapi. Kwa hivyo hufungua jicho moja. Akiona vichwa vimeinuka na mtu ameshika kijiko, ndipo anasema "Amina," kwa sauti kubwa, peke yake. Wajukuu hucheka. Na mimi nilikuwa nacheka. Naandika hivyo nikiwa na haya.

Basi siku hiyo Mama alikuwa ameenda kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Niliegemeza baiskeli kwenye tangi la maji nikaanza kuifungua upya. Baba alikuwa kwenye kigoda chake akinitazama. Akauliza kwa mkono: nini? Nikaonyesha sikio langu, kisha nikaonyesha baiskeli. Papo hapo nikajisikia mjinga, mimi nalalamikia kelele kwa mtu asiyesikia. Lakini Baba aliinuka, akaingia ndani, akarudi na ile bisibisi.

Alinionyesha nishike breki na nikanyage pedali baiskeli ikiwa imesimama. Nikafanya hivyo. Tek, ikalia vizuri tu. Akapiga magoti polepole, akaweka ncha ya bisibisi kwenye nati ya pedali, na mpini akauuma kwa meno.

Nilidhani anafanya mchezo. Alikuwa amefumba macho. Nikakanyaga, akatikisa kichwa. Akahamisha ncha kwenye shoki za mbele, nikakanyaga, akatikisa kichwa. Chini ya kiti, hapana. Kisha akaiweka kwenye ekseli ya gurudumu la nyuma, mbali kabisa na pale nilipokuwa nimemaliza vidole vyangu. Nikakanyaga. Akainua mkono. Nikakanyaga tena, akainua tena.

Nikatoa gurudumu. Pale ekseli inapobanwa na fremu palikuwa pakavu kabisa, na katikati ya chuma na chuma kulikuwa na chembe ya mchanga na kipande cha rangi iliyobanduka. Ni hayo tu. Mlio ulikuwa unazaliwa nyuma na kusafiri ndani ya fremu mpaka ukatokea chini ya miguu yangu. Nikapangusa, nikapaka grisi, nikakaza. Nikaizungusha uani, nikaipandisha ule mteremko wa langoni. Kimya. Nilicheka peke yangu kwa furaha.

Ningeweza kunywa chai nikaridhika. Lakini nilikwisha kusema mimi ni mtu wa namna gani. Nikachuchumaa mbele yake ili aone midomo yangu, nikamuuliza amejuaje.

"Nimesikia," akasema.

Neno hilo sikuwa nimelisikia kinywani mwake kwa miaka. Nikamuuliza, amesikia ama amehisi tu ule mtikisiko kwenye meno?

"Mami, nimesikia." Huniita mami kwa sababu nimepewa jina la mama yake. "Kwa kiwanda hakuna mtu alikuwa anasikia na masikio. Kelele ilikuwa mingi sana. Fundi alikuwa anasikia na meno."

Nikamwambia aume tena na afumbe macho. Ncha nikaiweka kwenye usukani, nikaenda nyuma, nikakwaruza fremu kwa ukucha. Mkono ukainuka. Nikakwaruza polepole zaidi, mkono ukainuka. Nikamdanganya, nikakaa bila kugusa chochote. Mkono ukatulia. Nilikimbia ndani nikachukua redio ya Mama, nikaifungua kwenye stesheni ya Kikuyu, nikaweka ncha ya bisibisi juu ya kifuniko chake. Mtu alikuwa anasoma matangazo ya vifo. Baba alisikiliza kwa muda mrefu, mate yakimtoka kidogo pembeni ya mdomo, hakujali. Mwisho akautoa mpini.

"Kumbe huyu mtangazaji hajastaafu," akasema.

Nikakaa chini kwenye mchanga. Mimi si daktari, ni fundi wa mapazia, lakini hata mimi niliweza kuona: kama sauti inafika ikipitia kwenye meno, basi huko ndani kabisa kuna kitu bado kinafanya kazi, na ubovu uko mahali pengine njiani. Nilifurahi na nikakasirika kwa pamoja. Miaka yote hiyo tulikuwa tumekubali jibu la mtu ambaye hakuwa hata ameangalia.

Baba alikataa kwenda hospitali. Alisema alishaambiwa ni mashine. Nikamwambia, polepole, ili asome kila neno, kwamba hata mimi nilishaambiwa ni beringi. Alitazama baiskeli, akatazama vidole vyangu, akaenda kutafuta koti.

Koti lilikuwa la kuonyesha tu kwamba amekubali, kwa sababu tulienda Jumatatu. Nilifunga duka. Mama tulimwambia tunaenda mjini kutafuta mpira wa breki, tusije tukampa matumaini ya bure. Daktari wa masikio alikuwa mama mmoja mpole, mwenye haraka. Alichukua chuma chenye meno mawili kama uma, akakigonga, akakiweka kwenye mfupa nyuma ya sikio la kulia la Baba, kisha akakisogeza mbele ya tundu. Akauliza kwa ishara wapi kunasikika zaidi. Baba alionyesha mfupa, akanigeukia akitabasamu. Nilijua anachofikiria: hata huyu ana bisibisi yake.

Kisha daktari akachungulia kwa taa yake. Sikio la kushoto, alisema, hilo mashine zilikula kweli, halirudi. La kulia hawezi kusema, maana kuna kitu kimeziba. Akatupa matone ya mafuta ya kulainisha, siku tano, asubuhi na jioni. Matone ilibidi Baba ajiwekee mwenyewe chooni ili Mama asimwone. Mimi Ruiru sikushona lolote la maana. Mteja mmoja nilimkatia pazia fupi kuliko dirisha.

Jumamosi tulirudi. Daktari alivuta kwa kijikoleo chembamba, polepole, Baba ameshika mkono wangu kwa nguvu. Kilichotoka kilikuwa kama haragwe, cheusi, kigumu. Daktari akakiweka kwenye kitambaa cheupe akakitanua kwa sindano. Ndani ya ile nta kulikuwa na nyuzi.

Baba aliinama akaziangalia. "Hiyo ni pamba ya kiwanda," akasema. Akaeleza kwamba hawakupewa vya kuziba masikio, kwa hivyo kila mtu alinyofoa pamba kidogo asubuhi akajisindilia, na jioni akaitoa. Siku moja hakuitoa yote. Alieleza bila hasira yoyote. Hasira yote nilikuwa nayo mimi.

Daktari alituonya kwamba halitakuwa sikio la kijana. Asitarajie makubwa. Baba aliitikia kwa kichwa kabla daktari hajamaliza kusema, na daktari alikuwa amesimama nyuma yake, midomo haionekani.

Nilikuwa nimekuja na baiskeli, kwa hivyo tulitembea mpaka Ngoingwa, mimi nikiisukuma. Baba alikuwa anaziba sikio kwa kiganja, anaachilia, anaziba, anaachilia. Boda boda zikipita anageuka kuzitazama zote. Tulipokaribia nyumbani akainama kidogo upande wa gurudumu la nyuma.

"Hiyo cheni yako imekauka," akasema. Na ilikuwa imekauka. Kisha akaniomba nisimwambie Mama kwanza. Hakunieleza sababu, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuuliza.

Mama alikuwa amepika mukimo na kuku. Tukaketi, tukainamisha vichwa, akaanza. Aliombea mvua, akaombea wajukuu na mitihani yao, akaombea duka langu, akamshukuru Mungu kwamba baiskeli haijaniua. Halafu akafika kwa Baba. Kila siku alikuwa anafika kwa Baba, ni sisi tulioacha kusikiliza sehemu hiyo.

"Na huyu mzee wangu, Bwana," alisema, kwa sauti yake ya kawaida, kama mtu anayezungumza chumbani peke yake. "Wewe unajua vile nimemmiss. Mimi nilichoka kupiga kelele, nikanyamaza, na hiyo ni makosa yangu. Umwambie wewe, kwa sababu mimi hanisikii."

Nilifungua macho. Ya Baba yalikuwa yamefumbwa, yote mawili.

"Amina," akasema, pamoja nasi. Pengine mbele yetu kidogo.

Mama alikuwa ameshashika upawa. Alimtazama, akanitazama mimi, akamtazama tena. Kisha akasimama, akatugeuzia mgongo, akaenda kwenye sufuria. Akiwa bado ameelekea ukutani, akauliza, kwa sauti ndogo sana ambayo hata mimi ilinibidi niitegee sikio, kama kuna mtu anataka kuongezwa mchuzi.

"Mimi," Baba akasema. "Kidogo tu."

Mama hakugeuka. Alikaa hapo akikoroga sufuria ambayo jiko lake lilikuwa limezimwa kitambo.