Magunia Chumbani Mwangu

Nilikuwa nimevuka miaka thelathini na bado nalala katika chumba nilicholala nikiwa shule ya msingi. Nilimaliza chuo cha ualimu nikarudi kwetu, nje kidogo ya mji wa Kibondo, kusubiri ajira. Mwaka ukapita, ukafuata mwingine. Mama akafariki nikiwa bado nasubiri. Dada zangu walishaolewa mbali, kwa hiyo nyumbani tukabaki mimi na baba.

Tulizoeana. Asubuhi tulikwenda shambani pamoja, kisha mimi natangulia kurudi kupika ugali wa muhogo. Nikiona amechelewa, namfuata. Wakati wa kula alinisimulia jinsi ukoo wao ulivyokimbia kutoka Burundi, wakaingia Tanzania kupitia mpaka wa Munanila, yeye akiwa mgongoni kwa shangazi yake. Uraia alishaupata, shamba analo, lakini habari za mtu kuhama nyumba hakuzipenda hata kidogo. Nilidhani atanishikilia.

Maneno yakaanzia kanisani. Mama mmoja alimwambia waziwazi kwamba amenigeuza mtumishi wake, na wenzangu watoto wao wanasoma. Nilipopata nafasi ya kufundisha shule moja ya binafsi Kasulu, nikamwambia siendi, maana nani atampikia. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nilikuwa napika kabla hujazaliwa," alisema. "Nenda, mwana wanje."

Mwana wanje ni mwanangu. Kirundi kilimtoka pale tu jambo lilipomgusa.

Godoro langu alilifunga mwenyewe kwenye baiskeli, akalisukuma hadi barabarani. Basi lilipoondoka nilimwona ameinama akikunja kamba. Hakuinua uso.

Nilipokwenda kumtembelea mara ya kwanza, nilikuta chumba changu kimejaa magunia ya maharage, kitanda kimesimamishwa ukutani. Machozi yalinitoka palepale mlangoni. Nikamuuliza kwa nini hakuyaweka stoo kama miaka yote.

"Ningekiacha kilivyokuwa, ungerudi," alisema. "Na mimi nisingekuwa na nguvu ya kukukatalia."

Nikalala sebuleni kama mgeni.

Masika yalipoanza, jirani yetu alinipigia simu nikiwa shuleni. Akasema, "Mwalimu, njoo nyumbani. Baba hajambo, ila njoo." Kwetu ukiambiwa hivyo, unajua. Nilipanda gari la kwanza nililolipata, na njia nzima sikuweza kumwomba Mungu neno lolote la maana.

Baba alianguka shambani asubuhi akipalilia. Hakuna aliyejua mpaka jioni, jirani alipoona jiko letu halitoi moshi akaenda kumtafuta. Alimkuta matopeni, amenyeshewa, upande mmoja wa mwili umekufa. Hospitalini daktari, kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine, alinieleza kwa upole kwamba ugonjwa ule unataka kuwahiwa. Sikumwambia kwamba kulikuwa na miaka ambayo baba asingefikisha hata saa nane shambani bila mimi kwenda kumwita.

Alinitambua. Nilimshika mkono ule uliokuwa bado na uhai, akahangaika na mdomo wake uliopinda.

"Watoto umewaacha na nani?"

Alimaanisha wanafunzi wangu. Nikamwambia mwalimu mwenzangu anawaangalia. Akafumba macho kama mtu aliyeridhika. Hakusema tena, na kesho yake akafariki.

Baada ya maziko, ndugu walikaa wakakubaliana kwamba nirudi kulinda nyumba, maana mimi ndiye sina mume wala mtoto. Hawakusema kwa ubaya. Niliwajibu kwamba baba alishanihamisha. Dada yangu mkubwa akainuka kuosha vyombo.

Nilimkabidhi jirani ufunguo nikapanda basi la Kasulu. Abiria aliyekaa nami aliniona nalia, akaniuliza kama ninatoka msibani. Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza tena, kwa sauti ya chini, kama huko ninakokwenda ndiko nyumbani. Nikamwambia ndiko liliko godoro langu.