Kadi Nyeusi ya Mama

Wiki jana lori liligonga taxi pale Clairwood. Nikiwa nimesimama kwenye robot, zile taa za barabarani, niliwaona watu wa ambulensi wakiwafunga majeruhi kadi za rangi mkononi. Harufu ya damu na dizeli ikanirudisha Kongo wakati wa vita, nikiwa mtoto, nje ya hema la daktari mpasuaji wa jeshi la Wafaransa.

Mchana ule jenereta ilinguruma, na daktari alipita haraka kati yetu, majeruhi na jamaa zao. Wengine aliwafunga kadi nyekundu, wakaingizwa hemani, tukawasikia wakilia. Mama peke yake alifungwa nyeusi. Wakamlaza kivulini, wakamfunika blanketi jipya lililonukia sabuni. Nilidhani tumependelewa.

“Enda umuambie docteur merci,” mama akanong'ona.

Nikamkimbilia daktari, nikamshika mkono kumshukuru. “Merci, docteur.”

Sasa najua kuwa nyeusi ni ya mtu ambaye hapotezewi dawa, kwa kuwa atakufa tu. Hapa Albert Park, mtaa wetu wakimbizi wa Kongo, bado wapo wanaomsifu daktari yule, maana aliwaokoa. Wana haki. Mimi nakumbuka tu kwamba aliipokea ile merci yangu, akatabasamu, akaenda kwa mgonjwa mwingine.