Santuri Iliyoitwa Kimeu

Santuri haifai kunuka jivu. Ikinuka vumbi ni sawa, ikinuka karatasi kuukuu ni sawa, lakini hii niliyoitoa juzi chini ya kitanda alichokuwa akilalia mama inanuka jivu na mbegu za mbaazi. Nilipoivuta tu kutoka kwenye jalada lake nikajikuta kijijini kwetu Nunguni, miaka ya sabini, msichana wa visigino vyenye nyufa, mtungi wa maji mgongoni na kamba yake ikinikata paji la uso.

Niwaambie mapema, mimi ni mtu aliyechoka, na uchovu wangu ni wa tangu zamani. Nyumba yetu ilikuwa ya wasichana watupu, na mimi ndiye niliyeitwa kifungua mimba. Kwetu kifungua mimba wa kike ndiye punda wa nyumba: maji ni yeye, kuni ni yeye, mdogo akilia analaumiwa yeye. Hata mama alibeba jina langu. Kwa kila mtu alikuwa Mama Mbithe, na Mbithe ndiye mimi.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mwalimu wa kwaya ya kanisa, na alikuwa na ugonjwa mmoja: santuri za muziki wa Kizungu, ule wa fidla na piano usioimbwa na mtu. Alizipata kwa walowezi waliokuwa wakifunga virago kando ya barabara ya Mombasa, moja moja, na akizileta nyumbani alizibeba kifuani kama mtu aliyebeba mayai. Gramafoni yetu ilikula betri kuliko tulivyokula sisi. Betri zikichoka tulizianika juani juu ya mabati zipate nguvu tena, na jioni muziki ulianza vizuri, kisha ukazidi kuvuta miguu mpaka ukalala.

Majina yaliyoandikwa kwenye majalada yaliwashinda baba na rafiki zake. Basi wakazipa santuri majina vile sisi Wakamba tunavyowapa watoto, kwa kuangalia siku ilivyokuwa. Iliyonunuliwa mvua ikinyesha ikawa Wambua. Iliyopatikana safarini ikawa Kyalo. Iliyokuja wakati wa njaa ikawa Munyao, nayo ilikuwa na ngurumo nyingi kweli kweli na tone hata moja halikushuka. Ni moja tu iliyokuwa na jina la mtu wetu. Hiyo iliitwa Kimeu, jina la babu, mzazi wa baba. Ilikuwa ya fidla kubwa moja peke yake, nzito na ya polepole, kama mzee anayejiimbia huku akichonga mpini wa jembe, kwa hiyo sisi watoto hatukuona ajabu.

Rafiki zake wa ugonjwa huo walikuwa wawili. Mutisya alikuwa dresa wa zahanati ya Kanyangi, mtu mrefu, mpole, mwenye mikono iliyonuka dawa ya vidonda. Mama Njeri alikuwa mjane kutoka Murang'a aliyefungua duka Kasikeu, na ulimi wake haukuwa na breki. Walikuja kwetu Jumamosi ya mwisho wa mwezi, santuri zikiwa zimefungwa kwenye leso, wakabadilishana na kushauriana kama watu wanaotafutia watoto wao mahali pa kulelewa.

"Mwalimu, nakuachia Wambua," Mutisya alikuwa akisema. "Lakini usimsikilize ukiwa na njaa. Utalia bure."

"Na huyu Munyao wenu mumchukue," Mama Njeri alikuwa akidakia. "Ananipigia makelele mpaka wateja wanafikiri nagombana na mtu huko nyuma."

Mama hakukaa nao. Alipita katikati yao na ndoo, na fagio, na mtoto mgongoni, akinung'unika kwamba betri zinalishwa kuliko watoto. Lakini Kimeu akipigwa, mama alikuja na ungo wake wa maharagwe akaketi kizingitini, na mikono yake ikasimama. Mama, ambaye sikuwahi kumwona ameketi bila kazi! Ikiisha alisema, "Basi, mpumzisheni sasa," akainuka, akarudi jikoni.

Maneno yakafika kanisani, kama yanavyofika siku zote. Jumapili moja baada ya ibada wazee watatu wa kanisa walikuja nyumbani, wakanywa chai, wakauliza habari ya mvua, kisha wakaomba kusikia hicho kitu ambacho mwalimu wa kwaya alikuwa akisikiliza. Baba akachagua Kimeu, kwa sababu ndiye aliyekuwa mtulivu kuliko wote. Walisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, kofia zikiwa magotini.

"Mwalimu," mzee wao akauliza, "sasa huyu anasema nini?"

"Hasemi kitu, mzee. Ni fidla tu."

"Wimbo usio na maneno unamwimbia nani?"

Baba, aliyeweza kuhubiri bila kuandaa, akainuka akairudisha santuri kwenye jalada lake. Wala msiwacheke wale wazee. Kanisani kwetu mtu alisimama akashuhudia kwa kinywa chake, na wokovu wake ukajulikana kwa maneno. Kitu kisicho na maneno kingeweza kuwa kinamwimbia yeyote, hata yule mwingine. Wakaamua, kwa upole, kwamba kabla ya Jumapili iliyofuata santuri zitoke nyumba ile, ama baba atoke kwenye kwaya.

Na ile kwaya ilikuwa pumzi yake. Nusu ya waimbaji aliwafundisha solfa wakiwa bado wanapangusa makamasi kwa mkono wa shati. Wiki nzima hakula vizuri. Mwishowe akasema amechoka kubishana, santuri zitaenda Kanyangi na Kasikeu, naye atakuwa akizitembelea huko.

Jumamosi Mutisya na Mama Njeri wakaja kuzichukua. Baba akazipanga mezani, akizitaja kwa majina, hii yako, hii yako. Kimeu hakuwepo. Baba akatazama chini ya meza, akatazama nyuma ya gramafoni, kisha akamtazama mama, aliyekuwa mlangoni akipepeta maharagwe.

"Kimeu haendi kwa mtu," mama akasema, bila kuinua kichwa.

Baba aliacha kutafuta. Mutisya akaangalia viatu vyake. Mama Njeri aliacha leso yake mezani. Alitoka akachuchumaa kando ya mama, wakachagua maharagwe pamoja.

Mimi nilijua Kimeu alikokuwa. Nilikuwa nimetumwa ghalani kuchota mbegu za mbaazi, zile tulizochanganya na jivu zisiliwe na wadudu, na mkono wangu ukagusa kadibodi ndani ya gunia. Jumapili yule mzee akamuuliza mama mlangoni pa kanisa, "Mama Mbithe, zimetoka zote?" Mama akajibu, "Zimetoka zote, mzee," akaingia kuabudu. Aiya! Mama huyo huyo aliyenichapa kwa kudanganya juu ya maziwa yaliyomwagika! Niliona alifanya hivyo kumkomoa baba tu, santuri ikae gizani na yeye asiisikie. Na kweli baba hakuisikia tena mpaka tulipomzika. Nilimwekea mama kinyongo hicho muda mrefu, nikakibeba pamoja na ile mizigo mingine.

Miaka ya tisini ikielekea kuisha, nilirudi Nunguni kumtunza mama, kwa sababu nani mwingine angerudi? Mchana mmoja tulikuwa tukiambua mbaazi, nami nikamuuliza, kwa ukali wa mtu aliyechoka, baba alimkosea nini hata akamnyima ile santuri.

Hakukasirika. "Kabla yako kulikuwa na mvulana," akasema. "Alizaliwa baba yako akiwa ameenda huko kwa Mzungu kununua vitu vyake. Mtoto hakufika siku ya kupewa jina."

Zamani kwetu mtoto alipewa jina siku ya tatu. Aliyekufa kabla ya hapo alikuwa bado hajawa mtu. Wanawake walimzika upesi, hakuna aliyemlilia, na mama yake alirudi shambani kama ambaye hakuzaa.

"Baba yako alirudi na hiyo sahani ya muziki mkononi na jina la baba yake mdomoni, akakuta mtoto hayuko. Akasema basi, jina lisipotee, tuipe hii." Aliambua mbaazi kidogo. "Sasa ningempelekaje Kanyangi? Na yule mzee akauliza inamwimbia nani. Baba yako alijua. Mimi pia nilijua. Nani angesema?"

Tulimaliza zile mbaazi. Asubuhi yake nilipasha maji, nikasimama mlangoni pake nikaita, "Mama Kimeu, maji ya kuoga ni tayari."

Nilisikia kitanda kikilia huko ndani. Kisha akaitika, "Nakuja."

Gramafoni iliharibika zamani, na sina haja ya kutafuta nyingine. Nimeipangusa santuri, jivu limegoma kutoka. Lakini akina mama wa kanisa wakiniuliza siku hizi, kwa kuniona nilivyochoka, kama mimi ndiye kifungua mimba, nawaambia hapana, mimi ni wa pili.